Udongo wa Mahongole Ndani ya Kioo

Baba yangu hajui kukaa. Sisemi hivi kwa kumsengenya, hata yeye mwenyewe anajua. Mpe kiti, atakikalia muda wa kumeza funda moja la chai, halafu atainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Geti limefungwa. Atarudi kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, atagonga kuta kwa kiganja utadhani anataka kuinunua, atachungulia pipa la maji, kisha ataingia jikoni kuuliza nani anapika, ilhali nyumba nzima tuko wawili na yeye hapiki. Ikifika saa nne asubuhi mimi ndiye ninayekuwa nimechoka.

Tulimhamishia Njombe mjini baada ya mama kufariki. Mama alifia kwenye kinyungu chake, bustani yake ya bondeni kule Mahongole, Makambako, ambako alikuwa akilima mboga na viazi kila kiangazi. Siku hiyo baba alikwenda mnadani. Jirani yetu Vestina ndiye aliyemkuta mama alasiri, amelala kifudifudi kati ya matuta, na hospitali wakasema alianguka tangu asubuhi. Maneno hayo, "tangu asubuhi", yamekaa kifuani mwangu mpaka leo. Najiuliza kama aliita. Najiuliza aliita nani.

Kwa hiyo mimi na kaka yangu Danford tulikata shauri kwamba mzee hatabaki kule peke yake, na presha yake ile inayopanda na kushuka. Danford anaishi Dodoma na nyumba yake imejaa watoto. Mimi sina mume, nina nyumba Mjimwema, na nina karakana ya vioo na madirisha ya aluminiamu inayonilisha vizuri. Baba akaja kwangu. Hakuna aliyemuuliza anaonaje, na nasema wazi kwamba sikuona haja ya kumuuliza.

Shida ilianza pale alipogundua njia ya kwenda stendi. Kila baada ya siku chache alikuwa anavaa koti lake zito na buti za shambani, anatembea mpaka stendi, anasimama anaangalia magari ya Makambako yakijaza abiria, halafu anarudi nyumbani. Nilikuwa nikimuona kutoka karakana, nikiwa na kioo mkononi. Siku moja atapanda, nikajisemea. Atapanda, atakwenda kushuka kule bondeni, na mimi nitapigiwa simu alasiri.

Wakati huo mteja mmoja alikuwa ameagiza tangi kubwa la samaki la kuweka mapokezi ya nyumba yake ya wageni, na nilipolimaliza akaghairi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikalipakia kwenye kirikuu, kigari changu cha mizigo, nikalipeleka nyumbani na kuliweka sebuleni, juu ya meza ya chuma niliyoichomelea mwenyewe. Nilikuwa nimeona kwenye simu matangi yaliyopandwa majani mpaka yanafanana na bonde zima, samaki wakipita katikati kama ndege. Baba ni mkulima. Nikasema basi, nitampa shamba, hata kama liko ndani ya kioo, ilimradi liwe kwenye nyumba ninayolala mimi.

"Hayo majani yatakula nini?" aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, koti mwilini.

"Udongo, baba. Chini tunaweka udongo, juu yake mchanga wa kuufunika, halafu maji. Kuna udongo wake maalumu unauzwa Dar, unakuja kwenye mifuko."

"Udongo wa kununua."

"Ndiyo."

"Mtu yuko hapa Njombe, ananunua udongo kutoka Dar es Salaam." Akanitazama kwa huruma kabisa. "Usije ukamwambia mtu jambo hili, mwanangu."

Kesho yake asubuhi hakwenda stendi. Alichukua chupa zangu zote za jamu, akatoweka, na nilipokuja kula mchana nikazikuta zimepangwa dirishani, kila moja na udongo wake na maji juu. Alikuwa amezitikisa na kuziacha zitulie. Udongo mwekundu wa mlimani ulikuwa bado umetibua chupa nzima. "Huu ni wa tofali," alisema. "Ukishikana haupitishi mzizi." Wa kahawia aliuchota kwenye shamba la viazi la watu, nao ulikuwa umejipanga tabaka, kichanga chini, laini juu. Huo aliuona ni mwepesi, utaondoka na maji. Mchanga wa mto Ruhuji aliukubali, lakini wa kufunikia tu. Aliuonja, akatema, akasema ni safi. Sikumbuki lini nilimuona mtu akifurahi hivyo kwa kutema.

"Unaotakiwa tunao," alisema mwishoni. "Uko Mahongole. Kwa mama yako."

Sikutaka. Nilimwambia wa hapa karibu unatosha, kwani majani yenyewe yanajua yamepandwa kwenye udongo wa nani? Alianza tena kwenda kuangalia geti. Alipokuwa ameliangalia mara nyingi kuliko geti lolote linavyostahili, nikachukua funguo za kirikuu.

Ilikuwa ni msimu ule wa baridi kali, ukungu haukutuachia mpaka tulipoipita misitu yote ya misonobari na kukaribia Makambako. Baba aliongea njia nzima. Vestina alikuwa kwenye kinyungu chake cha jirani alipotuona tukishuka.

"Kamwene, baba Danford," alisalimia. "Umerudi?"

"Nimekuja kuchukua udongo tu."

"Mjini hakuna udongo?"

"Upo wa kununua," alisema baba, wakacheka wote wawili mpaka nikajisikia mgeni.

Baba aliingia bondeni na jembe. Kwangu anaposhuka ngazi mbili za baraza hushika ukuta, lakini pale alikuwa anaruka mifereji. Alikwangua majani ya juu, akachimba udongo mweusi unaonata kidogo na kuvunjika ukiubana, akanipa niunuse. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye kingo. Nilikuwa natazama matuta ya katikati, yale ambayo sasa yameota magugu, na nikauchukia ule udongo kwa uzuri wake. Niliushika kwa sababu alikuwa ameunyoosha mkono. Ulikuwa wa baridi.

Tuliporudi Njombe tukaanza kazi. Tuliupitisha kwenye chekeche la mchanga, tukatoa mizizi, minyoo na vijiti. Nilimwambia udongo usizidi vidole viwili, na mchanga juu yake vidole vitatu, na nyuma uinuke kuliko mbele ili macho yapate kupanda. Baba akataka kuweka matuta. Nilimwambia ndani ya maji hakuna matuta. Akasema maji yasipokuwa na mfereji yatakaa vibaya. Tulibishana kuhusu mifereji ndani ya tangi la samaki, watu wazima wawili, mpaka nikaondoka kwenda kuosha mchanga bombani ili nisije nikamkosea adabu mzazi.

Hapo ndipo alipofanya aliyoyafanya. Niliporudi udongo ulikuwa umesawazishwa vizuri, mteremko kama nilivyotaka, hakuna tuta hata moja. Nilimsifu. Tukamwaga mchanga juu yake kidogo kidogo, tukaweka sahani katikati na kumimina maji juu ya sahani ili yasichimbe. Majani yalikuwa yamefika kwa basi kutoka Dar, yamefungwa kwenye magazeti yaliyolowa. Baba aliyapanda kwa vidole vyake vinene, akiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na hata shingo yake ilitulia. Mimi kwa haraka zangu sikutaka kungoja. Nikawasha pampu na hita, na wiki ileile nikawaweka samaki, wale wadogo wenye mikia ya rangi, nilioletewa na rafiki yangu kutoka Mbeya.

Asubuhi wote walikuwa wanaelea. Nilipofungua kifuniko harufu ilinipanda puani, kali, kama banda la mbuzi lililofungwa. Nilichimba mchanga kwa kijiko. Kati ya mchanga na udongo kulikuwa na chembe za kijivu, nyingine zimeshaanza kuyeyuka.

"Baba, hii ni mbolea?"

"Ya kupandia," alisema. "Kidogo tu. Ilibaki kwenye mfuko wangu wa koti."

"Nani alikwambia uweke mbolea?"

"Nani ataniambia?" Alikuwa haelewi kabisa. "Kuna mtu anapanda bila kuweka kitu? Udongo hauachwi hivihivi, Esnath. Ningeonekana mtu wa namna gani?"

Mkulima yeyote wa huku angefanya vilevile. Kwetu kupanda bila mbolea ni uvivu, na uvivu ni aibu ya ukoo. Nilijua hilo. Lakini samaki walikuwa wamekufa na mimi nilikuwa nimechoka na hofu ya miezi mingi, nikamwambia, "Huwezi kukaa ukaacha kitu kikae? Lazima uguse, lazima utembee, lazima uzunguke. Hata samaki umeshindwa kuwaacha."

Alichukua kichujio cha chai, akawatoa samaki mmoja mmoja, akaenda kuwafukia chini ya mpera. Aliporudi alikwenda chumbani, na nikamsikia akivuta buti zake kutoka chini ya kitanda.

Nikamfuata. Sikuomba radhi, maana mdomo wangu ni mzito kwa kazi hiyo. Nilimwambia peke yangu siwezi kulifumua tangi lote, na kwamba nimesoma kwamba udongo mpya una moto, inabidi uloweshwe, uanikwe, uloweshwe tena, mpaka upoe. Alikaa na buti mkononi.

"Moto upo," alisema. "Huo nao naujua. Nyie ndio mna haraka."

Tukaanza upya. Udongo wa kwanza tuliumwaga wote kwenye migomba, na tukaenda tena Mahongole kuchukua mwingine. Baba aliutandaza kwenye turubai uani, akaumwagia maji ya pipa, akayachuja, akauanika. Ukikauka anauponda kwa mkono na kuulowesha tena. Jua la Njombe mwezi huo halina nguvu, linakuja kama mtu aliyelazimishwa, kwa hiyo kazi ilikwenda polepole. Sikumuharakisha. Ilipofika siku ya kuuweka ndani, haukuwa na harufu yoyote ila ya mvua. Vidole viwili vya udongo, vitatu vya mchanga wa Ruhuji uliooshwa mpaka maji yake yakawa ya kunywa. Majani yakarudishwa. Samaki tukakubaliana wasubiri.

Na baba akakaa. Sitanii. Alivuta kiti mpaka mbele ya kioo na akakaa, mikono magotini, akingoja mizizi. Mwanzoni majani yalioza kwenye ncha na akawa anayakata kwa mkasi wangu wa ushonaji. Kisha maji yakawa na rangi ya chai, akayapunguza kwa mpira na kuongeza mengine. Kisha asubuhi moja akaniita kwa sauti ya chini, utadhani kuna mtoto amelala. Mzizi mmoja mweupe ulikuwa umepenya mchanga na kuonekana kwenye kioo, umeingia kwenye weusi. Nilimwangalia yeye, sikuangalia mzizi. Buti zake zilikuwa na vumbi la wiki nyingi. Nikaenda karakana nikiimba, na mafundi wangu wakaulizana nimepata nini.

Nilidhani nimeshinda. Tukaleta samaki, wachache, na asubuhi walikuwa hai, na asubuhi iliyofuata, na wakazaa. Majani yakajaa yakafika juu. Maji yakawa meupe kiasi kwamba mgeni aliweza kudhani hayapo. Tangi halikuhitaji tena kitu ila kupewa chakula cha samaki, ukucha mmoja.

Ndipo Ijumaa jioni baba akasema, huku ameshika sahani ya ugali, "Imeshika ile mimea."

"Imeshika, baba. Umefanya kazi."

"Haina kazi na mimi tena. Jumapili nitarudi Mahongole. Vinyungu vinapandwa sasa hivi, nikichelewa bonde litakauka. Danford nimeshamwambia."

"Danford amesema nini?"

"Amesema nikuulize wewe. Mimi sikuulizi, nakuaga."

Nilisema yote ambayo mtu husema. Presha. Umri. Nani atampikia. Nilimwambia ana kitu cha kuangalia hapa, akasema kuangalia si kazi. Mwishoni nikamwambia lile nililokuwa sijawahi kulisema, kwamba sitaki akutwe alasiri. Aliacha kula. Akasema mama hakuwa na huzuni pale alipoanguka, alikuwa anapanda. Nikamwambia hajui. Akakubali kwamba hajui.

Jumapili alikwenda ibada ya kwanza kuwaaga wazee wenzake wa usharika. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, dogo kwa mtu aliyekaa muda wote huo. Mimi sikwenda. Nilizunguka nyumba. Niliangalia geti. Nilirudi, nikasimama mbele ya tangi, samaki wakanijia juu wakidhani nimewaletea chakula. Kulikuwa na utulivu mle ndani ambao mimi nilikuwa sina na baba hakuwa na haja nao tena, na nikaona wazi kabisa kinachomfukuza ni nini. Ni kwamba tangi lilikuwa zima.

Nikakunja mkono wa blauzi. Niliingiza mkono mpaka chini, nikapitisha vidole kwenye mchanga, nikaufikia udongo na nikauvuta juu. Kisha nikafanya tena. Nilikoroga kama mtu anayesonga ugali, mizizi ikikatika na kunigusa viganjani, mapovu yakipanda na harufu ya bonde ikijaa sebule. Nilikuwa nalia. Sikuacha mpaka pale nilipokuwa siuoni mkono wangu mwenyewe.

Baba alirudi na Biblia kwapani. Alisimama. Aliangalia tangi, lililokuwa jeusi kama chungu, kisha akaangalia mkono wangu uliokuwa ukidondosha tope kwenye sakafu. Sikuwa na uongo wowote wa kumwambia. Aliweka Biblia juu ya begi, akaenda jikoni, akarudi na ndoo ya maji na kile kichujio cha chai. Alivua saa. Akaanza kuwatafuta samaki kwa kupapasa, mmoja baada ya mwingine, akiwahamishia kwenye ndoo. Ilimchukua muda mrefu, na mimi sikusogea.

Alipompata wa mwisho akajifuta mikono kwenye suruali yake ya kanisani.

"Hili itabidi lifumuliwe lote," alisema. "Udongo uloweshwe upya."

"Ndiyo, baba."

"Basi nitakaa."

Alivua koti. Alilitundika nyuma ya mlango, akalichukua begi akalirudisha chumbani, akaja kukaa kwenye kiti chake mbele ya lile tope, mikono magotini. Hakuinuka kwenda popote. Miguu yake haikucheza. Nilimtazama, na niliona tofauti. Zile wiki alizokuwa akingoja mizizi alikuwa ameinama mbele kidogo, macho yakifanya kazi. Sasa alikuwa ameegemea nyuma kabisa. Alikaa kama watu wanavyokaa kwenye benchi la hospitali wakiwa wameshaambiwa. Alikuwa amejua nilichofanya na kwa nini nimekifanya, na alikuwa amenipa kule kukaa. Angenipa tena mwakani, na mwaka unaofuata, kila nitakapokoroga.

Nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata, na sikuweza kukiangalia hata dakika tano.

Niliingia chumbani kwake nikalitoa begi. Nikalitoa na koti nyuma ya mlango, nikalishika mabegani kama tunavyowashikia wazee, nikingoja aingize mikono.

"Inuka, baba. Twende kabla jua halijawa kali, upate kushika jembe leo."

"Na tangi?"

"Tangi ni langu. Nitalifumua mwenyewe."

Hakuinuka mara moja. Alinitazama usoni, kitu ambacho hakupenda kukifanya tangu msibani.

"Esnath, huogopi?"

"Naogopa sana," nilisema, na nikachukua funguo za gari.